Somo: Sheria za kriketi kwa anayeanza kwenda Lugogo

Anayefika uwanja wa Lugogo mara ya kwanza hurundikiwa majina mengi kabla hajaonyeshwa kinacholindwa. Mimi naanza na vigingi.

Hatua ya 1: Vigingi na mstari. Katikati ya uwanja pana ukanda wa mita 20.12. Kila mwisho wake vimesimama vigingi 3, na juu yake vijiti 2 vilivyolazwa tu, havikufungwa. Hiyo ndiyo wiketi. Mbele yake umechorwa mstari mweupe, na hapo ndipo ninapokuomba ukaze macho. Wapinzani wakiangusha kijiti kwa mpira wakati mpigaji anakimbia, atapona iwapo tu mwili au gongo lake limegusa chini nyuma ya mstari. Gongo likiwa juu ya mstari wenyewe, bado hajafika. Likiwa limevuka lakini linaelea hewani, pia bado. Ndiyo maana utawaona wachezaji wazuri wakiliburuza gongo ardhini wanapokaribia.

Hatua ya 2: Nani anafanya nini. Kila timu ina watu 11, lakini wanaopiga huingia wawiliwawili, huku wapinzani wote 11 wakiwa uwanjani. Mrushaji haruhusiwi kukunja kiwiko kisha akakinyoosha anaporusha. Mipira 6 halali ni ova moja, kisha mwingine anarusha kutoka mwisho wa pili. Katika T20 kila timu hupiga ova 20, na mrushaji mmoja hazidishi ova 4.

Hatua ya 3: Mikimbio. Wapigaji wakibadilishana nafasi salama, ni mkimbio 1. Mpira ukibiringika hadi mpakani ni 4. Ukipaa na kuvuka bila kudunda ni 6. Mpira uliorushwa mbali na mpigaji (waidi) au kinyume cha sheria (noboli) huwapa mkimbio wa bure, na hurudiwa.

Hatua ya 4: Kutoka. Mpigaji hutoka mpira ukivunja wiketi yake, ukidakwa kabla haujagusa chini, au akikutwa nje ya mstari. Kuna njia nyingine, lakini siku ya kwanza hizo zinatosha.

Hatua ya 5: Kusoma ubao. Chukua mechi ya Juni 2024 kule Guyana, ushindi wetu wa kwanza, sisi Uganda, katika Kombe la Dunia la T20. Papua New Guinea walitoka wote kwa 77. Sisi tukafika 78/7 katika ova 18.2, yaani mikimbio 78, wapigaji 7 wametoka, ova 18 na mipira 2. Humo Frank Nsubuga, akiwa na miaka 43, alirusha ova zake 4 akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2, yaani kuwatoa wapigaji 2. Mipira 24, mikimbio 4! Ukielewa uzito wa hesabu hiyo, umeshaanza kuielewa kriketi.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Jinja:* Mwalimu, mbona walisema tumeshinda kwa wiketi 3, si kwa mikimbio?

Ndugu yangu, timu inayopiga ya pili ikifikia lengo, huhesabiwa wiketi zilizobaki. Zipo 10, kwa kuwa mchezaji wa 11 hawezi kupiga bila mwenzake. Tulipoteza 7, zikabaki 3. Anayepiga kwanza ndiye hushinda kwa mikimbio.

*Kutoka Entebbe:* Kaka, mpira umempiga mpigaji mguuni, wote wakapiga kelele, mwamuzi akainua kidole. Kosa lake lipi?

Dada, alizuia kwa mguu mpira ambao ungegonga vigingi. Mwamuzi hujiuliza: uligusa gongo kwanza? Ulidunda nje ya vigingi, upande wa miguu ya mpigaji? Jibu likiwa ndiyo kwa mojawapo, mpigaji hatoki. Kelele zile ni za lazima, maana wasipoomba, mwamuzi hatoi.

*Mama mmoja wa Kampala:* Mwanangu ana miaka tisa, anataka kuanza. Mpira ule si utamuumiza?

Mama, wasiwasi wako una msingi. Mpira wa ngozi wa wanaume wazima una uzito wa gramu 156 hadi 163, na ni mgumu kweli. Aanze na mpira wa tenisi, hata uani kwenu. Akihamia wa ngozi, asisimame kupiga bila kofia yenye wavu usoni, glavu, pedi za miguu na kikinga cha sehemu za siri. Muulize kocha vifaa hivyo kabla hujamwandikisha.