Kukamua Maji Kwenye Karatasi Mbichi: Mwongozo wa Shinikizo la Karakana Ndogo

Aliyekulia Lamu ameona kifumbu kikifanya kazi. Nazi iliyokunwa hutiwa maji, ikapakiwa ndani ya kifumbu, kisha mikono ikaanza kukamua, taratibu mwanzoni na kwa nguvu mwishoni. Kifumbu huinuliwa juu ya bakuli kabla mikono haijalegea, kwa sababu chicha ikilegezwa huku imegusana na tui, hulinywa tena. Mwenye kuelewa kwa nini kifumbu huinuliwa mapema namna hiyo amekwisha kuelewa jambo ambalo mafundi wengi wa karatasi hulijua kwa kuharibu kazi. Kanuni za kukamua maji kwenye karatasi mbichi ni zile zile, iwe kwenye mashine ya kiwandani yenye rola za uzito wa tani nyingi, iwe chini ya jeki moja katika ua wa nyumba ya Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ambako mimi hutengeneza karatasi kwa nyuzi za mgomba na vikoi vilivyochakaa. Mwongozo huu ni wa karakana ya namna hiyo, ila nitapita kiwandani kila inapolazimu, kwa kuwa huko ndiko jambo hili lilikopimwa kwa makini zaidi.

Tuanze na hesabu. Chukua gramu 100 za nyuzi kavu. Rojo, yaani nyuzi zilizochanganywa na maji, linapomwagwa juu ya wavu wa mashine huwa na nyuzi sehemu 1 katika 100 au pungufu, kwa hiyo gramu hizo 100 zinaelea ndani ya gramu 9,900 za maji. Wavu huchuja sehemu kubwa mno, hata karatasi inapoingia kwenye mashinikizo, yaani rola za kuikamulia, huwa na ukavu wa asilimia 20 hivi: nyuzi kavu ni sehemu 20 katika kila 100 za uzito wake, maana yake gramu 400 za maji bado zimo. Mashinikizo mazuri huifikisha kwenye ukavu wa asilimia 45, zikabaki gramu 122. Maji hayo yaliyobaki ni magumu kukamuliwa, kwa kuwa mengi yamejificha ndani ya kuta za nyuzi zenyewe. Hayo huondolewa kwa joto, na huko ndiko gharama ilipo. Ndiyo maana wahandisi husema kwamba kila asilimia moja ya ukavu inayoongezwa kwenye mashinikizo hupunguza mvuke wa kukaushia kwa takriban asilimia 4.

Sisi hatulipii mvuke, kwa kuwa jua la Lamu halina bili. Hata hivyo, karatasi iliyokamuliwa vibaya hupasuka inapoinuliwa, hukauka ikiwa imejikunja kama jani, na wakati wa kusi, hewa inapojaa unyevu, huota ukungu kabla haijakauka. Zaidi ya hayo, kukamua ndiko kunakozisogeza nyuzi zikagusana, na zikigusana hushikana zinapokauka bila kuhitaji gundi. Karatasi ambayo haikukamuliwa hubaki na uvungu, laini kama pamba, na wino husambaa ndani yake. Katika Siyu, kisiwani Pate, wanakili wa Misahafu waliandika juu ya karatasi iliyoagizwa kutoka ng'ambo, na sidhani kama kalamu zao zingelistahimili kazi yangu ya mwaka wa kwanza.

Shinikizo langu ni fremu ya vyuma vizito vilivyochomelewa, mbao mbili nene na jeki la mafuta la tani 10, la aina ya kuinulia gari. Mjini Lamu magari ni ya kuhesabu na punda ndio wenye njia, kwa hiyo ilinibidi nivuke hadi Mokowe, upande wa bara, kulitafuta. Mbao nilizitengeneza kwa plaiwudi ya kuundia boti, vipande vitatu vilivyogandishwa pamoja, kwa sababu ubao mwembamba hupinda chini ya jeki na kuikamua karatasi katikati huku kingo zikiachwa zimelowa. Juu ya ubao wa juu, chini ya mguu wa jeki, weka bamba la chuma ili nguvu isambae, na juu ya bamba hilo usiruhusu maji yatuame, maana tone moja lenye kutu likishuka kwenye rundo huacha doa lisilotoka.

Ukubwa wa jeki usikudanganye. Kinachoikamua karatasi ni nguvu ikigawanywa kwa eneo. Karatasi ya sentimita 42 kwa 30 ina sentimita za mraba 1,260, basi tani 10 huigawia kila sentimita ya mraba takriban kilo 8. Karatasi yenye nusu ya eneo hilo hupata kilo 16 kwa jeki lile lile. Katika mashine, rola mbili hubanana kwenye ukanda mwembamba wa sentimita chache tu, na hapo mgandamizo unaweza kupita kilo 30 kwa kila sentimita ya mraba. Usijaribu kuwafikia wenye mashine kwa kununua jeki kubwa huku fremu ikiwa ile ile: fremu ikiachia wakati jeki limekazwa, vyuma huruka. Mwonyeshe fundi wa kuchomelea jeki utakalotumia kabla hajakata chuma, wala usiinamishe uso usawa wa jeki unapolipiga.

Baada ya jeki, kitu cha thamani zaidi ni mablanketi, na hapa ndipo wanaoanza hubania pesa pasipostahili. Blanketi linaloingia kati ya karatasi na karatasi kazi yake kubwa ni kuyapa maji njia. Kutenganisha karatasi ni kazi yake ya pili. Kiwandani karatasi hupita kati ya rola ikiwa imelala juu ya blanketi refu lisilo na mwisho, ambalo zamani lilikuwa la sufu na siku hizi ni la nailoni, na rola zenyewe hutobolewa matundu au kuchongwa mifereji ili maji yashuke moja kwa moja baada ya kusafiri milimita chache tu. Kwetu hakuna mifereji. Tone lililo katikati ya karatasi niliyoitaja halina budi kusafiri ndani ya blanketi sentimita 15 hadi lifike ukingoni. Blanketi jembamba likibanwa hufunga vinyweleo vyake na tone hilo hubaki hapo hapo. Tumia sufu nene, iliyofumwa kwa kushikamana, isiyo na mistari wala nyuzi zinazojitokeza, kwa sababu kila alama ya blanketi huhamia kwenye karatasi. Blanketi kuukuu la sufu halisi, likishafuliwa mara kadhaa kwa maji ya moto mpaka likajikaza, linafaa kuliko kitambaa kipya cha poliesta.

Kabla ya kuanza, lowesha mablanketi yote kisha yakamue kwa mkono mpaka yasidondoshe tone. Blanketi kavu kabisa hukataa kuipokea karatasi kutoka kwenye chekeche, yaani fremu yenye wavu ninayochotea rojo, na lililoloa chepechepe halina nafasi ya kupokea maji. Laza blanketi, juu yake karatasi, juu yake blanketi, na uendelee hivyo hadi karatasi 30, ukihakikisha kwamba kingo zote zimelingana. Rundo lililoegemea upande mmoja litakapobanwa litateleza, na likiteleza karatasi zote huchanika kwa pamoja. Juu na chini kabisa ongeza mablanketi mawili mawili.

Sasa ni kukamua kwenyewe, na hapa naomba msomaji awe na subira kuliko mimi. Rundo langu la kwanza nililipiga jeki kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa magharibi ilikuwa imekaribia na nilitaka kufunga kazi. Maji yalifumka pande zote nne yakiwa meupe kama tui zito, nami nikafurahi. Nilipofungua, karatasi zilikuwa zimechorwa vijito vyenye matawi, kama matope ya mikokoni maji yanapokupwa, na katikati ya vijito hivyo palikuwa na mianya unayoweza kuonea upande wa pili. Ule weupe niliouona ukitoka ulikuwa ni nyuzi zangu. Jambo hilo huzitokea hata mashine, na sababu yake ni moja: mgandamizo ukipanda haraka kuliko maji yanavyoweza kupata njia, maji hukimbia kwa ubavu ndani ya karatasi yenyewe na kuziburura nyuzi ambazo bado hazijashikana.

Kwa hiyo, shusha ubao mpaka uguse, kisha piga jeki hadi uone maji ya kwanza yakichungulia kwenye kingo. Simama. Hesabu hadi 60. Maji yanayotoka yawe ya rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa au yasiwe na rangi kabisa. Yakiwa meupe, umekwenda mbio. Piga tena mara moja, ungoje mpaka uzi wa maji ugeuke matone, ndipo upige tena. Utagundua kwamba mkono wa jeki hulegea wenyewe kila baada ya muda: si kwamba limeharibika, bali rundo limeshuka na kuliacha. Nusu ya kwanza ya kazi hunichukua dakika 15 kwa nguvu ndogo tu. Baada ya hapo karatasi huwa imeshikamana kiasi cha kustahimili, na unaweza kukaza hadi mwisho wa jeki na kuliacha dakika 10 nyingine, ukilirudishia nguvu kila linapolegea.

Unene hubadilisha muda huo. Karatasi nyembamba hutoa maji upesi, na kinachoamua ukavu wake wa mwisho ni nguvu. Kadi nene ni kinyume chake: maji yake yana safari ndefu, hivyo kuongeza nguvu hakusaidii kama kuongeza muda. Wenye mashine walilihangaikia jambo hili kwa miaka mingi, kwa sababu karatasi inayokwenda mita 1,000 kwa dakika ikipita kwenye mbano wa rola wenye urefu wa sentimita 4 hubanwa kwa sekunde 0.0024 tu. Suluhisho la kwanza lilikuwa kupanga mashinikizo kadhaa yanayofuatana, kila moja likikaza kuliko lililotangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Beloit ya Marekani ikaleta shinikizo ambalo rola moja imebadilishwa kwa kiatu kirefu kilichochongwa kufuata mviringo wa rola ya pili, mbano ukawa na urefu wa sentimita 25 hivi, na kadi nene zikafaidika kuliko karatasi nyingine zote. Sisi tuna dakika 25 bure, nao walihitaji kubuni mtambo mpya ili wapate sehemu ndogo ya sekunde. Kuiharibu neema hiyo kwa haraka ni kujidhulumu.

Turudi kwenye kifumbu. Jeki likiwa bado limekazwa, utaona maji yametuama kwenye ubao wa chini kuzunguka rundo. Yafute kwa sifongo mpaka ubao ukauke, ndipo ulegeze. Ukilegeza kwanza, mablanketi na karatasi hujitanua na kuyafyonza maji hayo yote, na karatasi, kwa kuwa vinyweleo vyake ni vidogo kuliko vya blanketi, hunyonya pia maji yaliyomo ndani ya blanketi. Kwa sababu hiyo hiyo, mashine hutengenezwa ili karatasi iachane na blanketi mara tu inapotoka kwenye mbano. Usilegeze jeki kisha ukaenda kunywa chai. Fungua rundo papo hapo, ukiinua kila karatasi kwa pembe mbili za upande mmoja na kuiviringisha taratibu kuelekea kwako. Maji uliyoyafuta yarudishe kwenye pipa la rojo; yana nyuzi fupi ndani yake, na katika kisiwa kinachotegemea visima vya machanga ya Shela si maji ya kumwaga.

Kwa karatasi ninayotaka iwe ngumu, hukamua mara ya pili. Mablanketi mengine makavu huyaanika darini tangu asubuhi, nikayateremsha adhuhuri yakiwa bado na joto, nikalipanga rundo upya na kulibana dakika 10 kwa nguvu kamili, kwani safari hii hakuna haja ya kwenda hatua kwa hatua. Joto lina kazi yake. Maji ya nyuzijoto 60 yana mnato, yaani ugumu wa kutiririka, chini ya nusu ya ule wa maji ya nyuzijoto 20, hivyo hupenya haraka zaidi kwenye vinyweleo. Kiwandani karatasi hupulizwa mvuke kabla ya kubanwa, na kila nyuzijoto 10 zinazoongezwa huleta takriban asilimia moja ya ukavu. Blanketi la darini halifikishi karatasi huko, lakini ukavu wake lenyewe unatosha kuleta tofauti inayopimika.

Mablanketi yafue kila baada ya marundo matano au sita, kwa maji mengi bila sabuni, ukiyapiga upande wa nyuma ili nyuzi zilizoziba vinyweleo zitoke. Maji ya mwisho yasiwe ya chumvi. Kisima chenye chumvi huacha chumvi ndani ya karatasi, nayo huvuta unyevu wa hewa, na karatasi uliyoikamua vizuri ikawa laini tena kila kusi inapovuma.

Mwisho, tumia mizani, usiamini vidole. Karatasi ya ukubwa nilioutaja, yenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, ina gramu 10 za nyuzi. Ikitoka kwenye chekeche hufika gramu 50 au zaidi. Ikitoka chini ya jeki, ipime moja ya juu, moja ya chini na moja ya katikati ya rundo. Mizani ikisoma gramu 25, ukavu ni asilimia 40, nayo iko tayari kupanda darini. Ikisoma 30, irudishe chini ya jeki pamoja na blanketi kavu.