Jarida lenu la sheria linanukuliwa kiasi gani? Pima hivi

Kama umepewa kazi ya kupima jarida la sheria, usianzie Scopus jamani, ile hifadhidata inayohesabu nukuu za makala za kitaaluma, majarida yetu mengi hayamo humo, utapata sifuri uje udhani hakuna anayeyasoma.

Anza kuhesabu makala zenyewe. Fungua eksel, kila makala na mstari wake: mwaka, toleo, mwandishi, kichwa. Tahariri na mapitio ya vitabu weka pembeni, ukizichanganya wastani unashuka bure.

Halafu Google Scholar, ile ya kutafuta makala za kitaaluma na kuona zimenukuliwa mara ngapi, na hapa ndo penye kazi. Chukua Eastern Africa Law Review ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo tangu 1968. Huyu anaandika jina zima, yule anaandika EALR, mwingine anakosea anaandika East African, na kuna East Africa Law Reports ambazo sio jarida kabisa, ni hukumu za kesi, sasa ukitafuta kwa kifupi unazoa na kesi humo humo. Tafuta kwa kichwa cha makala ndani ya alama za kunukuu, moja moja. Inachosha kweli, ila ndo namba utakayoweza kuitetea ukiulizwa.

Kupata h, yaani idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara idadi hiyo hiyo, panga makala kuanzia iliyonukuliwa sana. Tuseme zimenukuliwa mara 19, 11, 7, 5, 4, 2. Ya nne ina 5, sawa, ya tano ina 4 tu, umeishia hapo, h ni 4.

Kile kipimo cha miaka 2, kinachohesabu nukuu za makala zilizotoka miaka 2 iliyotangulia tu, mimi naona kinaionea sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni ya 1999 na bado inatumika, makala nzuri juu yake mtu anaihitaji hata leo, sasa miaka 2 itakuonyesha nini? Tumia angalau 5.

Na msisahau mahakama, hili linaniuma sana watu wanalirukaga! Jaji akitegemea makala yenu kwenye hukumu, hapo imegusa maisha ya mtu kabisa. Ingia TanzLII na Kenya Law, tovuti za hukumu za Tanzania na Kenya, ni bure, andika jina la jarida kisha majina ya waandishi, ukipata fungua hukumu usome aya yenyewe, maana wakati mwingine jaji kaitaja ili aikatae. Ziwekee safu yake, jina la kesi, mahakama, tarehe, usizijumlishe na zile za Scholar.

Juu kabisa ya eksel andika tarehe uliyotafuta, namba za Scholar zinabadilika kila mara.