Kuacha kizuia jasho na kuhamia deodoranti ya asili kwenye joto la Tanga: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maelekezo mengi ya jambo hili yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanakwambia chukua mafuta ya nazi, changanya na unga, mimina kwenye kikopo, yataganda. Hapa Tanga hayagandi. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 za Selsiasi. Labda alfajiri za Julai utayakuta meupe, lakini ikifika saa nne asubuhi yameshakuwa maji. Ukifungua kikopo unakuta mafuta yanaelea juu na unga umetuama chini.

Mimi natengeneza sabuni na dawa za kwapa za kuuza, na wateja wangu wengi ni watu wa baiskeli na miguu, siyo wa ofisi zenye kiyoyozi. Kwa hiyo ninachokueleza hapa kimepangwa kwa mtu atakayetoka jasho apende asipende.

Kabla hujaanza: jua unachokiacha

Dukani vyote tunaviita deodoranti, iwe ya kupuliza, ya kupaka au roloni. Lakini ni vitu viwili. Kizuia jasho kina chumvi za alumini ambazo zikikutana na jasho hugeuka utelezi mzito na kuziba mdomo wa kitundu cha jasho. Deodoranti tupu haizibi chochote, yenyewe inapambana na harufu. Geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma: ukiona neno linaloanza na "alumin", umeshika kizuia jasho. Havikuanza jana. Cha kwanza kuuzwa madukani, Everdry, kilitoka Marekani mwaka 1903, na mpaka leo kazi inafanywa na chumvi za alumini.

Jasho lenyewe likitoka halinuki. Kwapani kuna tezi zinazotoa jasho zito lenye mafuta na protini, na bakteria wanaoishi kwenye ngozi hulila hilo jasho wakaacha nyuma yake kile tunachokiita kikwapa. Shika hapo, maana ndipo mwongozo wote ulipo. Ukihamia deodoranti ya asili hutakuwa mkavu. Utalowa. Kazi yako ni kuhakikisha ule unyevu haunuki, na anayetaka ukavu asianze safari hii kabisa.

Swali la kansa huulizwa kila siku, basi nilijibu hapa liishe. Shirika la Kansa la Marekani linasema hakuna ushahidi thabiti unaounganisha vizuia jasho na kansa ya matiti, na mimi sitamuuzia mtu kopo kwa kumtisha. Wala hakuna "sumu" inayofungiwa kwapani; kutoa sumu mwilini ni kazi ya ini na figo. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndiye anayepaswa kumuuliza daktari kabla ya kutumia vitu vya alumini. Sababu za kuacha ni nyepesi kuliko hizo: ngozi inayowasha, madoa ya manjano kwenye kanzu nyeupe, au kutaka kujua unachojipaka. Na kama wewe ni wa kutoka jasho hadi linatiririka mikononi ukiwa umekaa kivulini, hiyo ni hali yenye matibabu, na kizuia jasho ni mojawapo ya matibabu hayo. Baki nacho.

Hatua ya 1: chagua msimu

Usianze wakati wa kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la hapa halina huruma, na wiki zako za mwanzo zitakuwa mateso kwako na kwa waliobanana nawe kwenye daladala. Anza kipupwe, Juni au Julai, upepo wa kusi unapovuma. Angalia pia kalenda ya shughuli: kama kuna harusi ya ndugu ndani ya mwezi huo, subiri ipite.

Hatua ya 2: safisha kwapa kweli kweli

Utelezi wa alumini hautoki kwa maji ya kujimwagia. Usiku, pakaa mafuta ya nazi kidogo kwapani, sugua kwa vidole, acha dakika chache, kisha oga kwa sabuni na dodoki. Dodoki liwe laini, limeloweka, na usikomoe. Fanya hivyo siku tatu nne mfululizo. Vitundu vyenyewe hufunguka kadiri ngozi ya juu inavyojibandua, na kwa wengi jasho hurudi kama kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili.

Nywele za kwapa hushika unyevu na harufu, na watu wa pwani wengi wameshazoea kuzinyoa kwa sababu ya dini. Nyoa usiku, halafu usipake kitu kikali mpaka kesho yake.

Hatua ya 3: anza na shabu

Kabla hujaingia jikoni, nenda kwa wauza dawa za kienyeji ununue kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kung'aa ambalo vinyozi hupaka mtu akikatwa na wembe. Ni rahisi, linadumu miezi mingi, na bibi zetu walilijua kabla ya roloni kufika.

Namna ya kulitumia: ukitoka kuoga, kwapa likiwa bado na umajimaji, lilowanishe jiwe na ulipitishe taratibu mara tano sita. Acha likauke bila kuvaa. Halina harufu yoyote, na linafanya kazi kwa kuwaharibia makazi wale bakteria. Ukimaliza lifute, liweke pakavu. Likiachwa kwenye maji ya bafuni linayeyuka lote. Likianguka likavunjika, zile kingo mpya hukata kama chupa, basi zilainishe kwa kuzisugua ndani ya maji kabla ya kutumia tena.

Sasa ukweli ambao wauzaji wengi hawausemi: shabu nayo ni chumvi ya alumini. Haizibi vitundu kwa kiasi kile cha dukani, lakini anayekimbia alumini kwa jina lake asijidanganye kwa kuwa jiwe limetoka ardhini. Huyo aruke hatua hii.

Hatua ya 4: pika ya kopo

Hapa ndipo nta inapoingia. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo ndiyo inayoyashika mafuta yasigeuke maji mchana. Yangu naipata kwa warina asali wa Handeni. Ikiwa bado na vipande vya masega, iyeyushe kwanza na uichuje kwa kitambaa.

Kwa kikopo kimoja kidogo utahitaji:

– mafuta ya nazi, vijiko 3 vya chakula
– nta iliyokunwa, kijiko 1 cha chakula kilichojaa
– wanga wa muhogo au wa mahindi uliochekechwa mara mbili, vijiko 3 vya chakula
– soda ya kuokea, kijiko 1 cha chai, usizidishe
– karafuu punje 5, kama unapenda harufu

Maneno mawili kuhusu viambato. Soda ninayosema ni ile nyeupe laini ya kuumulia keki. Siyo bekingi pauda, ambayo ndani yake kuna asidi na wanga, na siyo magadi hata kidogo. Magadi ya kuchemshia maharage ni makali mno kwa ngozi, yatakuunguza. Hata hiyo soda ya keki ina ukali wake, maana ngozi yetu ina asili ya uchachu kidogo na soda iko upande wa pili, ndiyo maana nakubana kwenye kijiko kimoja. Mapishi ya nchi za baridi huweka nusu kwa nusu. Kwa mtu anayelowa jasho kutwa, hicho ni kipele cha kununua.

Mafuta nayo yawe makavu. Ya kupika nyumbani kwa tui ni mazuri kama yamechemka mpaka maji yote yakaisha na masalia ya chini yakawa kahawia, yakachujwa. Yakibaki na maji yatachacha koponi, na hapo utakuwa unajipaka harufu ukidhani unaiondoa.

Weka maji kidogo kwenye sufuria kubwa, tia ndani yake sufuria ndogo au bakuli la chuma, washa moto mdogo. Nta usiiweke juu ya moto moja kwa moja, inashika moto. Tia mafuta na nta, koroga kwa kijiti mpaka vichanganyike. Tumbukiza karafuu, epua, funika nusu saa. Kitaanza kuganda, kirudishe kwenye maji ya moto kiyeyuke tena, chuja karafuu zote.

Kisha subiri. Watu wengi huharibu hapa kwa haraka. Ukitia unga mafuta yakiwa ya moto, unazama. Tazama pembeni mwa bakuli: utaona ukingo umeanza kuwa na rangi ya maziwa na kijiti kinaacha njia kikipita. Hapo ndipo pa kutia wanga na soda, kidogo kidogo, ukikoroga bila kupumzika mpaka iwe nzito mithili ya uji wa mtoto. Mimina kwenye kikopo kikavu, usikifunike mpaka kipoe.

Ukiminya kwa kidole saa nane mchana kiwe kinabonyea bila kutiririka. Kikiwa kigumu sana, kiyeyushe uongeze mafuta. Kikiwa laini, ongeza nta. Kwa matumizi, kiasi cha punje ya maharage kwa kila kwapa kinatosha, kwa kidole kikavu. Kikopo kikiingia maji kinaharibika.

Usitie mdalasini hata kama unapenda harufu yake, unawasha ngozi. Na ndimu, ambayo najua wengi mnajipaka: inakata kikwapa, kweli, lakini maji yake yakibaki kwenye ngozi ukaenda nayo juani yanaweza kuunguza na kuacha baka jeusi la miezi. Aliyevaa shati lisilo na mikono asiiguse.

Hatua ya 5: jaribu kwanza

Paka kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, acha siku mbili. Pakiwasha au kuwa pekundu, tengeneza upya bila soda. Inapungua nguvu, lakini wapo wateja wangu wa miaka wanaotumia hiyo hiyo na hawana neno.

Hatua ya 6: wiki za mwanzo

Usiku paka, asubuhi oga upake tena. Adhuhuri ndipo penye kazi. Anayetawadha ameshakunja mikono yupo bombani. Aongeze kitambaa chenye sabuni kidogo, afute kwapa, asuuze, akaushe, apake upya. Asiyeswali atenge muda huo huo. Kupaka juu ya jasho la asubuhi bila kufuta hakusaidii chochote, wale bakteria umewafunika tu.

Wengi huniambia harufu inazidi kabla ya kupungua. Bakteria wa kwapa lililokuwa linazibwa siyo wale wale wa kwapa lililo wazi, na jasho likirudi nao huongezeka. Siyo sumu inatoka. Ukiona mwezi umepita na bado unanuka beberu, badili kiambato kimoja kwa wakati mmoja, siyo vyote, ili ujue kilichosaidia.

Hatua ya 7: nguo, na hasa baibui

Mara nyingi anayelalamika kwamba dawa haifanyi kazi, kwapa lake halina tatizo. Nguo ndiyo inanuka. Poliesta hushika harufu kuliko pamba, na mabaibui mengi ya sokoni ni poliesta. Unalivaa, jua la barabarani linalipasha moto, harufu ya juzi inaamka. Dada yangu, vaa fulana ya pamba yenye mikono ndani yake, uwe unabadilisha hiyo kila siku. Baibui lenyewe ligeuze ndani nje, loweka sehemu ya kwapa kwenye maji yenye siki nusu saa, ndipo ulifue na ulianike juani.

Kanzu nyeupe yenye manjano ya kwapani usiitie dawa ya klorini, huzidisha umanjano. Loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji, kisha sugua kwa soda ile ile ya keki iliyokorogwa nzito, na urudie wiki inayofuata. Madoa ya zamani sana huenda yasitoke yote.

Udi ufukize kwenye nguo iliyofuliwa. Ukiifukizia nguo yenye jasho unapata udi na jasho pamoja, na watu wa Tanga pua zao zinajua tofauti.

Lini uache na kwenda kwa daktari

Vipele vyekundu vya kawaida, acha kila kitu siku chache, oga kwa sabuni isiyo na manukato, vitapoa. Lakini majipu yanayojirudia kwapani, uvimbe usiopungua, au harufu iliyobadilika ghafla, nenda kituo cha afya. Na anayelowesha shuka usiku huku anakohoa au kupungua mwili asitafute deodoranti, aende apimwe kifua kikuu.

Siku ya shughuli kubwa, ukitaka kurudia kizuia jasho chako cha zamani, rudia tu. Kipake usiku wa kuamkia, kwenye ngozi kavu, maana ndipo kinaposhika vizuri. Kesho yake anza tena na dodoki la hatua ya 2.