Mwenye nyumba akiugua: nani ataijua nyumba?

Assalaam alaykum. Nina milango minne ya kupangisha Fuoni, Zanzibar. Nilipopata kiharusi chepesi nililazwa siku kumi na moja, na siku zote hizo nyumba haikuwa na mwenyewe. Mpangaji mmoja alilipa, hakuna aliyeandika. Karo la maji machafu likafurika, binti yangu hamjui fundi. Kila kitu nilikiweka kichwani, na kichwa ndicho kilichoumwa.

Hatua ya 1. Daftari. Kila mlango ukurasa wake: mpangaji, kodi, tarehe inapokwisha, namba ya mita ya umeme ya tukuza, simu ya fundi bomba, karo liko wapi. Jioni moja unamaliza.

Hatua ya 2. Mikataba iandikwe, na sheha, kiongozi wa eneo lenu, awe na habari. Makubaliano ya mdomo hubadilika ukiwa kitandani.

Hatua ya 3. Kodi ya miezi sita usiile yote. Ikija safari ya Muhimbili, boti, dawa na chakula cha anayekuuguza, itayeyuka, na paipu haitasubiri upone. Mimi natenga ya mwezi mmoja katika kila sita, akaunti mbali.

Hatua ya 4. Uwakala, yaani kumpa mtu idhini ya kukusimamia nyumba, na hapa wengi tunateleza. Nenda kwa wakili ukiwa na akili zako. Hati itaje anachoruhusiwa: kupokea kodi, kutengeneza, kusaini mkataba. Kuuza, kama hutaki, iandikwe kuwa hana ruhusa. Lakini hati hii ya kawaida haina nguvu tena mwenyewe akifa au akipoteza akili. Kijana anayeendelea kuchukua kodi kwa karatasi ya marehemu baba yake anachukua kodi ya warithi wote. Na mzee akishapotewa na fahamu, msimkamatishe kalamu. Mwenye neno hapo ni mahakama.

Hatua ya 5. Kumpa mtu nyumba usingoje uwe mahututi. Katika fiqhi, sheria ya Kiislamu, hiba (zawadi) ya maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia: kwa asiye mrithi haipiti thuluthi ya mali, kwa mrithi haisimami mpaka wenzake waridhie. Yule bi mdogo aliyekuuguza miaka mitano mpe leo, tena umkabidhi.

MASWALI

Mwanachama, Wete: Baba amekatwa mguu kwa sukari. Yeye anakaa juu, mpangaji chini, mkataba una miezi minne. Tumtoe?

Jibu: Kumtoa kwa nguvu, hapana. Mwombeni wabadilishane vyumba, na ghorofa ya juu mumpunguzie kodi. Akipenda kuhama, mrudishieni ya miezi iliyobaki, muandikiane.

Mwanachama, Bububu: Mpangaji wangu ana kifua kikuu. Wenzake wanataka ahame.

Jibu: Ndugu yangu, usimtoe. Dawa ni bure, kwa kawaida miezi 6, na akizinywa inavyotakiwa, hatari ya kuambukiza hushuka mapema. Ukimhamisha ndipo anapoweza kuzikatiza. Wenzake waende wakapimwe. Kazi yako wewe ni madirisha: vyumba vyetu vingi tumeviziba kwa mabati na makabati, hewa haipiti.

Mwanachama, Chake Chake: Shikamoo mwalimu. Dalali anaweza kuwa wakala?

Jibu: Marahaba. Anaweza, ila kodi iingie kwenye akaunti yako, si mfukoni mwake. Na daftari libaki kwa mwanao.