Somo: Kuandika hadithi fupi ya uhalifu yenye lugha kavu

Mtindo huu ulikulia Marekani katika magazeti ya bei rahisi, hasa Black Mask lililoanza mwaka 1920, na miongoni mwa walioujenga ni Dashiell Hammett, ambaye kabla ya kuandika alikuwa mpelelezi wa kulipwa. Sisi Wazanzibari tumemzoea zaidi Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, anayefumbua fumbo kwa kufikiri. Katika mtindo huu mpelelezi anatembea, anadanganywa, anapigwa, na ukweli anaupata vipande vipande.

Kwanza, chagua uhalifu wenye pesa ndani yake. Pemba tunao magendo ya karafuu: sheria inamtaka mkulima aliuzie shirika la serikali, na anayezivusha usiku kwenda Mombasa anajua anachokihatarisha. Andika majina ya wote wanaofaidika, kuanzia mwenye shamba na nahodha wa mashua hadi mlinzi anayegeuza uso, kisha jiulize kila mmoja ananyamaza kwa sababu gani, kwani hadithi yako imo humo.

Pili, mpelelezi awe na shida yake mwenyewe. Askari mstaafu wa Wete anayedaiwa kodi ya nyumba anatosha.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, ondoa maneno yanayotaja hisia. Badala ya kuandika kwamba nahodha alishikwa na hofu isiyo kifani, andika: "Alikishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Hakunywa." Msomaji ataiona hofu bila ya kutajiwa. Damu nyingi haiufanyi mtindo huu kuwa mkali. Ukali wake umo katika kitenzi kilichochaguliwa vizuri.

Nne, akamatwe mchukuzi wa magunia, na tajiri aliyemtuma abaki barazani kwake.

Maswali ya wanachama

Maalim, kisiwani kila mtu anamjua mwenziwe. Mpelelezi atajificha vipi?

Usimfiche, ndugu yangu. Akishuka tu gati ya Mkoani, habari zimtangulie Wete, na kila mlango anaoubisha ukute jibu limeshapangwa. Kazi yake iwe kutambua majibu mawili yanayofanana mno.

Je, wahusika wazungumze Kipemba?

Katika mazungumzo, ndiyo, kama unakijua kwa kukisikia nyumbani. Masimulizi yabaki katika Kiswahili sanifu, ili sauti ya msimulizi isichanganyike na zao.

Urefu gani unafaa?

Kwa anayeanza, maneno 2,000 yanatosha, na maiti ionekane kabla ya ukurasa wa pili.