Land Rover Series III iliyolala miaka: anza na ethi kabla ya kununua stata

Gari likikaa muda mrefu, mwenyewe huambiwa anunue stata, alteneta, hata waya mpya zote. Subiri kwanza. Kwenye Series III (1971–1985) mara nyingi vifaa vyenyewe ni vizima. Kilichooza ni maungio, hasa ya ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari.

1. Betri. Ichomoe, ichajie nje ya gari, iache ipumzike usiku kucha. Iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Wakati huo kagua waya zilizotafunwa na panya.

2. Fyuzi. Toa zote, safisha ncha na vishikio vyake. Usifunge karatasi ya sigara badala ya fyuzi, utaunguza waya.

3. Ethi. Hapa usiharakishe. Bodi ni ya aluminiamu, chasisi ni ya chuma. Unyevu ukikaa katikati, aluminiamu hulika na kuwa unga mweupe usiopitisha umeme. Utajua pale unapokanyaga breki na taa ndogo zikafifia, au indiketa ikawasha taa isiyohusika: umeme umekosa njia ya kurudi, unapenya kwenye balbu ya jirani.

Usipime ethi kwa omu (kipimo cha ukinzani wa waya). Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado utasoma karibu sifuri, ila stata ikivuta umeme mwingi, waya huo hauwezi kuupitisha. Testa ya balbu nayo siiamini kwa kazi hii, inavuta umeme kidogo mno. Tumia mita ya kidijitali, upime volti zinazopotea.

Gia iwe huru, na kwa injini ya petroli chomoa waya mwembamba wa koili isiwake. Ncha moja ya mita iguse nguzo ya hasi ya betri yenyewe, siyo klempu inayoishika kebo; nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata sekunde chache. Ikizidi volti 0.5, kuna kizuizi. Kisha pima kipande kwa kipande: nguzo hadi klempu, klempu hadi chasisi, chasisi hadi injini. Penye namba kubwa ndipo pa kusafisha.

Mkanda wa ethi wa injini usiupuuze. Injini imekalia mipira, kwa hiyo mkanda ukikatika umeme wa stata unaweza kupita kwenye kebo ya choki na kuiunguza.

Kwa taa, ziwashe na upime kutoka hasi ya betri hadi kikombe cha balbu. Piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka vaselini juu.

4. Rangi za waya. Kahawia ina umeme muda wote, nyeupe baada ya swichi, kijani baada ya swichi na fyuzi, nyeusi ni ethi. Kama fundi aliyetangulia alibadilisha rangi, amini mita.

5. Chaji. Injini ikiunguruma, betri isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kidogo, usikimbilie alteneta: washa swichi injini ikiwa imezimwa, utazame taa ya chaji kwenye dashibodi. Isipowaka, badilisha kwanza balbu hiyo, kwa kuwa umeme unaoiamsha alteneta hupitia humo.