Maharagwe Yakinyauka Yangali Machanga, Kagua Udongo Kwanza

1. Chimbua, usivute. Maharagwe ya wiki tatu yakigeuka manjano na kudumaa, wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya kupulizia majani. Hela inaenda bure, kwani ugonjwa uko chini. Chimbua miche michache pamoja na udongo wake, uisuuze taratibu ndani ya ndoo. Ukivuta, mizizi iliyooza itakatikia ardhini na hutaona kitu.

Mizizi ikiwa laini, ina majimaji na ngozi yake inachubuka ukiibana kwa vidole, mshuku Pythium, kimelea cha udongoni kinachoozesha mizizi. Michirizi myekundu inayogeuka kahawia kwenye mzizi mkuu ni dalili ya Fusarium, kuvu wa udongoni anayeozesha mizizi. Shina likiwa limevimba na kupasuka usawa wa udongo, lipasue: ukikuta vifuko vidogo vya kahawia, huyo ni inzi wa maharagwe, na tiba yake ni nyingine.

2. Pima maji. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Yakilala humo mpaka kesho yake, shamba linatuamisha maji. Vijimbegu vya Pythium vina mikia, na huogelea ndani ya udongo uliolowa mpaka vinaufikia mzizi. Ndiyo maana miche ya bondeni hutangulia kufa. Inua matuta ya sentimita 15 hadi 20, upande juu yake.

3. Tafuta tabaka gumu. Mzizi mkuu uliopinda ghafla kwenda upande umegonga mwamba uliotengenezwa na jembe lako mwenyewe, linalofika kina kilekile kila msimu. Hapo Fusarium hustawi, maana mmea una mizizi michache ya kupoteza. Vunja tabaka hilo kwa jembe uma udongo ukiwa mkavu kiasi. Ukilima tope unaushindilia zaidi.

4. Lisha udongo. Udongo mwingi wa Kakamega na Vihiga, magharibi mwa Kenya, ni wa tindikali, na fosforasi, kirutubisho cha mmea, hunaswa humo mizizi isiipate. pH (kipimo cha tindikali) ikiwa chini ya 5.5, changanya chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Ongeza samadi iliyoiva. Majani mabichi ukiyafukia, subiri angalau wiki mbili, maana Pythium huyala kwa pupa.

5. Pandishia udongo shinani. Hatua hii haina gharama, na watu huipuuza. Kwenye palizi ya kwanza, vuta udongo ufunike shina. Mche ambao mzizi wake umeanza kuoza huchipuza mizizi mipya juu ya kidonda, ukaponea hapo.

6. Mbegu na mzunguko. Aina za maharagwe za KK8 na KK15 huvumilia kuoza mizizi kuliko mbegu nyingi za kienyeji. Kubadilisha mazao nako ni kuzuri, ila tusidanganyane: shamba la robo ekari linalopandwa maharagwe misimu yote miwili halina nafasi ya kupumzika, na Fusarium hukaa udongoni miaka mingi. Kama ni hivyo kwako, tia nguvu kwenye matuta na samadi.